Eti Gari Limekataa Mafuta!

Leo sina gari jipya la kukusifia. Nina aibu yangu mwenyewe, na naisimulia kwa sababu najua kuna nyumba ambayo usiku wa leo watu watanuniana kwa jambo hilihili.

Ilikuwa Januari. Si unaijua Januari? Ada, kodi ya nyumba, na mfuko uliorudi kutoka Krismasi ukiwa hoi. Nyumbani kwetu tumegawana: chakula ni fungu la shemeji yenu, mafuta ya gari ni fungu langu. Jumanne moja, kesho yake ikiwa Jumatano ya kwanza ya mwezi ambayo EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, nikampa shilingi 60,000 nikamwambia akitoka kazini apitie sheli kabla bei haijabadilika.

Usiku nikatoka kusogeza gari. Mshale uko chini ya nusu. Nikamuuliza. Akajibu bila hata kuacha kukata vitunguu: "Gari limekataa mafuta, baba. Pampu inajikata kila wakiibonyeza. Watu nyuma wakaanza kupiga honi, nikaondoka."

Limekataa mafuta! Jamani, nimesikia gari kukataa kuwaka, nimesikia kukataa kupanda mlima. Kukataa mafuta? Risiti ilikuwa ya shilingi 22,000. Chenji akanipa 30,000, na 8,000 akasema amenunua mboga. Hesabu ilikaa sawa kabisa. Lakini mtu ukishaanza kushuku, hata hesabu iliyo sawa unaiona imepangwa.

Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Sikugomba. Nilifanya jambo baya zaidi ya kugomba: niliacha kumpa hela mkononi. Nikamwambia, "Ukifika sheli nipigie, nitalipa mwenyewe kwa simu." Akawa anapiga, anampa mhudumu simu, anasubiri. Mhudumu ananiambia, "Bosi, imeingia ya 15,000 tu, inakata." Na mimi, Mungu anisamehe, nikawaza kwamba wameelewana. Mtu mzima, ana kazi yake na mshahara wake, anasimama pale kama mtoto aliyetumwa dukani. Hakulalamika. Alipunguza tu maneno. Wewe uliye kwenye ndoa unajua ukimya ule unavyokuwa.

Jumapili moja nikaenda kujaza mwenyewe. Mhudumu akabonyeza: tak! Akabonyeza tena: tak! Petroli kidogo ikarukia mkono wake. Akageuza bomba, akalivuta nje kidogo, tak! Nyuma yangu honi. Nikaondoka na mafuta ya 12,000 na masikio yanawaka moto.

Sasa twende kwenye ufundi, maana hapa ndipo wengi tunapotapeliwa.

Kwanza, pampu haijui tangi lako lina nini. Karibu na ncha ya lile bomba kuna kitundu kidogo. Mafuta yakiwa yanapita, bomba hunyonya hewa kupitia kitundu hicho. Mafuta yakipanda na kukiziba, hewa inakosekana, na kifyatulio kinajifunga. Hakuna kompyuta hapo. Pampu inachojua ni kwamba mafuta yamefika kwenye ncha ya bomba. Tangi likijaa yanafika. Lakini yanafika pia kama yanashindwa kushuka tangini haraka inavyotakiwa.

Na kwa nini yashindwe kushuka? Chukua chupa tupu, izamishe kwenye ndoo ya maji mdomo ukiwa juu. Unasikia inavyogugumia? Ni hewa inatafuta njia ya kutoka. Lita moja ya petroli ikiingia tangini, lita moja ya hewa na mvuke lazima itoke. Kwenye magari mengi kuna bomba nene la kuingizia mafuta, na pembeni yake kampira kembamba ka kutolea hewa, kanakoirudisha hewa juu mdomoni. Kampira hako kakiziba, mafuta yanarudi juu, pampu inakata.

Kama gari lako linafanya mchezo huu, fuata mpangilio huu kabla hujafungua pochi.

1. Badilisha pampu, na ikibidi badilisha sheli. Pampu nyingine zina mkondo mkali kupita kiasi, au bomba lake limechoka. Likijaza vizuri kwingine, gari lako halina kosa.

2. Omba mhudumu ajaze taratibu, kifyatulio nusu, na ageuze bomba pembeni kidogo. Kama linapokea polepole lakini linakataa kwa kasi, hewa inatoka kwa shida. Hiyo ni dalili, si tiba.

3. Angalia linakata likiwa na mafuta kiasi gani. Likikata hata tangi likiwa karibu tupu, shaka iende kwenye mdomo, mabomba au njia ya hewa. Likikata pale tu lilipokaribia kujaa, basi limejaa, ndugu yangu. Mwache mhudumu atundike bomba.

4. Mwambie fundi afuate mabomba mawili kutoka mdomoni hadi tangini. Kwenye magari mengi inabidi afungue plastiki ya ndani ya tairi la nyuma. Anatafuta mpira uliokunjika, uliopasuka au ulioziba kwa uchafu. Mpira mpya uwe wa kuhimili petroli. Wa kumwagilia bustani hauhimili.

5. Kama mabomba ni mazima, aende kwenye kanista ya mkaa, kopo linalonasa mvuke wa petroli usiende hewani. Magari mengine, hasa yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hupumulia humo wakati wa kujaza. Valvu yake ya hewa ikiziba kwa vumbi au tope, tangi halipumui. Taa ya injini ikiwaka na mashine ya kupimia ikasoma P0446, aanzie kwenye valvu hiyo na nyaya zake.

Usicheke ukiambiwa mdudu anaweza kuziba njia hiyo. Mwaka 2011 Mazda iliyaita magari zaidi ya 50,000 ya Mazda6 nchini Marekani kwa sababu buibui wa manjano walikuwa wakifuma utando kwenye njia ya kupumulia ya tangi. Hofu ilikuwa tangi kukosa hewa, kubonyea na hatimaye kupasuka.

Na mambo matatu usiyafanye. Usitikise gari ili liongeze mafuta ya juu ya fulu tangi. Najua wengi tunafanya, lakini petroli ikizidi inaweza kuingia kwenye kanista na kuuharibu ule mkaa. Usimruhusu mtu apulize upepo wa kompresa kuelekea tangini. Na tafadhali sana, tangi lisichomelewe kwenye gereji ya mtaani eti kwa sababu limemwagwa mafuta. Tangi lililobaki na mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Turudi nyumbani kwangu. Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikapeleka gari kwa fundi mmoja mtulivu, mzee wa makamo. Akavua tairi la nyuma, akafungua plastiki, akamulika kwa simu. Dakika kumi hazikuisha akaniita. "Bosi, njoo uone." Kale kampira ka hewa kalikuwa kamekunjwa katikati, kama mrija wa soda uliovunjwa shingo. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitaka: "Hili tangi nani alilishusha?"

Nikanyamaza.

Msomaji wangu, mimi ndiye niliyejua. Desemba, siku tatu kabla ya safari ya Moshi, nilirudi nyuma nikagonga nguzo. Bodi ilibonyea juu ya tairi. Sikumwambia shemeji yenu, maana wiki hiyohiyo nilikuwa nimempa somo refu la namna ya kurudi nyuma. Nikatafuta mtu wa bei poa, akashusha tangi ili apate nafasi ya kunyoosha bodi, akapaka rangi, akarudisha vitu haraka haraka. Nikamwambia asinipe risiti.

Kwa hiyo mwezi mzima nilikuwa namshuku mwenzangu kwa jambo alilonieleza kama lilivyo, na aliyeficha nilikuwa mimi.

Mpira mpya na kazi ya fundi vilinigharimu chini ya chakula cha mchana cha watu wawili hotelini. Nikapita sheli. Tangi likajaa bila tak hata moja mpaka mwisho. Mhudumu alikuwa yuleyule wa kwenye simu. Akanitazama, akasema taratibu, "Dada alikuwa anakwambia, bosi." Sikuwa na jibu.

Jioni nikamweleza mke wangu yote, kuanzia nguzo. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea achekelee ile nguzo, lakini hakucheka. Akasema, "Hilo la nguzo nimeshalisahau. Ile ya kunipa simu nimpe mhudumu, hiyo siisahau leo wala kesho." Basi. Nilimwomba radhi, na sikumwomba asahau upesi.

Siku hizi tuna daftari dogo kwenye droo ya gari. Kila matengenezo yanaandikwa humo: tarehe, fundi, kilichofunguliwa, bei. Ukurasa wa kwanza nimeandika nguzo. Fundi yeyote akiliona anajua pa kuanzia, na hakuna kati yetu anayeendesha gari lenye siri ya mwenzake.

Nawe, mwenzako akirudi leo na jambo lisiloingia akilini, kabla hujapiga hesabu ya chenji, chukua funguo mwende naye mkaangalie pamoja.

Tukutane mwezi ujao. Endesha salama!