Neno la Mhariri: Daftari Lisilojua Mwezi Mwandamo

Tangu tutangaze kuwa toleo hili litahusu takwimu katika biashara ya chakula, wasomaji wamegawanyika. Wapo wanaotaka kila mwenye mgahawa anunue programu ya mauzo, na wapo wapishi wakongwe wanaosema mkono una kipimo chake. Mabishano haya yamenichosha, maana pande zote mbili zinaruka swali la kwanza: hesabu ulizonazo, ziwe za kompyuta au za kichwani, unazilinganisha na nini?

Niliwahi kuwekewa mezani ripoti ya mgahawa mmoja wa Kariakoo. Ilikuwa na mchoro wa mauzo ya mchana, mwezi Machi wa miaka mitatu: 2023 nguzo ndefu, 2024 imefupika, 2025 kisiki. Risiti zote zilikuwepo na kila shilingi ilionekana. Mhasibu alishauri wapishi wawili wa zamu ya mchana wapunguzwe.

Nikamuuliza mfungo ulianza lini. Machi 2023 ilikuwa na siku zaidi ya 20 kabla ya Ramadhani, Machi 2024 siku kama 11, Machi 2025 hazikufika mbili. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo kwenye kalenda ya ukutani mfungo hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka. Zilizopungua kwenye mchoro ule ni siku za kula mchana. Hesabu ilikuwa safi, na bado watu wawili walikaribia kupoteza riziki.

Kwa hili sitabadili msimamo: pwani hii, takwimu za jikoni zisizofuata mwezi mwandamo si za kuaminika, hata zikitoka kwenye mashine ghali kiasi gani. Tazama mwaka wa mpishi wa shughuli. Shaabani harusi zinabanana, kila mtu anawahi kabla ya mfungo, na siku za mwisho kuna vunja jungu. Mwezi ukiandama, sufuria za pilau zinapanda darini, zinashuka za uji, tambi na magimbi. Nazi na mihogo hupanda bei kwa sababu kila nyumba inavitaka saa ile ile. Mfunguo Mosi harusi zinarudi. Mfunguo Sita ni maulidi. Wazee wetu waliihesabu miezi kuanzia pale mfungo unapofunguliwa, na kalenda hiyo humwambia mpishi lini anunue mchele wa akiba na lini aajiri vibarua, mambo ambayo neno “Machi” halimwambii.

Wenzetu wa bara watasema hayo ni ya pwani. Basi nao watafute mwezi wao: mavuno, ada za shule, Kwaresima. Kila jiko lina kalenda yake, na takwimu zisizoijua huishia kumfukuza mpishi asiye na kosa.

Katika toleo hili, makala ya gesi na mkaa isomwe kalamu mkononi. Ile ya mashine za EFD inasema kweli: risiti nyingi zimeandikwa “chakula” tu, kwa hiyo zinajua umeuza shilingi ngapi bila kujua umeuza sahani gani. Mwandishi wa makala ya mchele amepima wa zamani na mpya kwenye sufuria moja, na ule wa zamani, unaokunywa maji mengi na kujaa zaidi, umempa sahani nyingi kwa kilo ile ile. Natamani angetueleza alipima mwezi gani.

Mwenye mgahawa, kabla hujanunua programu yoyote, fungua daftari lako la mauzo ukurasa wa leo. Pembeni mwa tarehe andika mwezi wa Kiislamu na siku yake. Fanya hivyo kila jioni kabla ya kufunga hesabu. Ukitimiza mwaka, tuandikie, nafasi tutakutengea.