Bomba kavu ni hatari kuliko ukoko wa birika

Malalamiko ni yale yale, iwe Kinama, Kanyosha au Gatumba. Maji ya bomba hayakubali sabuni, nguo nyeupe hupoteza weupe wake, na birika jipya halimalizi mwezi kabla ya kuvaa ukoko mweupe. Ndugu zetu waliorejea kutoka kambi za Tanzania wanauliza kama maji haya ni salama kwa watoto wao. Wafanyabiashara wanaolala katika vitongoji hivi vya Bujumbura wakisubiri kuvuka mpaka nao wanauliza hivyo hivyo. Swali ni halali na linastahili jibu, kwani asiyejibiwa hujitafutia jibu mwenyewe, na mara nyingi huenda kulitafuta mtoni akiwa na dumu mkononi.

Kwanza kabisa, ukoko ule si sumu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba mjini Bujumbura hutoka Ziwa Tanganyika, na ziwa hili lina magnesi nyingi pamoja na kalsiamu kiasi. Madini hayo mawili ndiyo yanayofanya maji yaitwe magumu. Ugumu wa maji ya ziwa, ukihesabiwa kama chokaa, ni takriban miligramu 200 kwa lita. Aliyekulia milimani akinywa chemchemi zenye madini machache ataona tofauti siku ya kwanza. Mtu wa Kigoma hatashangaa, maana mji wake nao hunywa ziwa hilo hilo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Hasara ya maji magumu ni ya mfukoni: sabuni huisha haraka, na birika lenye ukoko hula makaa mengi zaidi. Kwa mama aliyerudi na mizigo michache, akianza kuuza chai au kufua nguo za watu, hasara hiyo si ndogo. Hata hivyo, haimpeleki mtu hospitali.

Kinachompeleka mtu hospitali hakionekani kwa macho. Maji ya Ziwa Tanganyika yana kipimo cha pH kinachokaribia 9. Klorini hupungukiwa nguvu pH inapopita 8, wakati kijidudu cha kipindupindu hustawi katika maji ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo, maji ya ziwa hili yanataka kutibiwa kwa uangalifu na kupimwa mara kwa mara. Hatujasahau kwamba tarehe 1 Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu katika eneo la Bujumbura.

Jirani zetu wa Uvira wametufundisha jambo jingine. Watafiti walilinganisha siku ambazo mabomba ya mji huo yalikauka na idadi ya wagonjwa waliopokelewa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu, kati ya 2009 na 2014. Matokeo yalichapishwa 2015. Baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa katika siku 12 zilizofuata walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale waliofuata siku ambazo maji yalitoka vizuri. Sababu haihitaji msomi kuieleza. Bomba likikauka watu huteka ziwani na mitoni, na mabomba matupu yenye nyufa huvuta uchafu wa ardhini.

Tunajua watakaosema kwamba mji umepanuka kuliko mabomba yake, kwamba umeme hukatika na pampu husimama, kwamba fedha ni kidogo. Yote hayo tunayakubali. Lakini kumwambia mwananchi ukweli kuhusu maji anayoyalipia hakuhitaji pampu mpya. Katika kambi, wakimbizi walipewa maji bila malipo na walizoea harufu ya klorini. Leo wanalipa, na hawaambiwi lolote.

Tunaliomba shirika la maji lifanye mambo mawili. La kwanza, libandike kila mwezi katika ofisi za mitaa, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, matokeo ya vipimo vya maji ya kila kitongoji. Yaonyeshe ugumu, ili watu waache kuogopa ukoko. Yaonyeshe pia klorini, ambayo haipaswi kupungua miligramu 0.2 kwa lita bombani, na vijidudu vya kinyesi, ambavyo havitakiwi kuonekana hata kimoja katika mililita 100. La pili, litangaze mapema ratiba ya mgao na kuifuata, na mabomba ya umma katika mitaa inayopokea waliorejea yasiwe ya mwisho kufunguliwa.

Kwa wasomaji wetu nasi tunalo neno. Usiliache bomba ukaenda mtoni eti kwa kuwa maji ya mto hutoa povu zuri. Maji yakirudi baada ya kukatika, yale ya kwanza yasiwe ya kunywa. Kwa siku hizo chemsha, au tia dawa ya maji na kusubiri angalau nusu saa. Osha dumu, lifunike, na usichovye kikombe ndani. Mfanyabiashara anayebeba maji yake safarini afanye vivyo hivyo, kwa maana ugonjwa huu hauombi kibali cha kuvuka mpaka.

Ukoko wa birika hukwanguliwa kwa kisu au kulowekwa kwa ndimu, ukatoka. Mtoto aliyekunywa maji ya mfereji kwa sababu bomba lilikauka hana tiba nyepesi kama hiyo. Wenye dhamana ya maji wahakikishe kwanza kwamba bomba halikauki.