TAMKO KUHUSU MAKAYA YA WAMIJIKENDA KUWA MAHALI PA IBADA

Chama chetu, chenye wazee wa makaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda) pamoja na Waislamu na Wakristo wa Pwani ya Kenya, kinautangazia umma na mamlaka zote husika yafuatayo:

1. Mwaka 1846 wazee wa Rabai waliwaridhia wamisionari Krapf na Rebmann wakae na kuhubiri katika nchi yao. Lakini mwaka 1914, kufuatia upinzani wa Wagiriama ulioongozwa na Mekatilili wa Menza dhidi ya kodi na kazi za lazima, serikali ya Waingereza ililipua Kaya Fungo ya Wagiriama kwa baruti. Mahali pa viapo na maombi palitendewa kama ngome ya adui.

2. Makaya 10 yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na tunashukuru. Lakini misitu hiyo imesalia kwa sababu ya miiko ya ibada, na ibada yenyewe bado inadharauliwa. Anayetambika huitwa mchawi. Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma hiyo tupu.

3. Ibara ya 8 ya Katiba ya 2010 inasema hakuna dini ya dola. Ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani. Haikuweka sharti la kitabu wala la jengo. Kuomba mvua kayani ni ibada kamili. Mwanachama wetu Mwislamu au Mkristo halazimiki kushiriki. Analazimika kuheshimu, kama mzee wa kaya anavyoheshimu adhana na kengele.

4. Kigango, nguzo ya mbao ya kumbukumbu, husimamishwa kwa ajili ya marehemu wa Gohu, jumuiya ya heshima ya Wagiriama, nacho hakihamishwi. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo kama mapambo. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver, Marekani, yalikubali kuachia 30. Hatua hiyo ni ya haki, ila kigango kilichofika ghala la serikali bado hakijafika kwa wenyewe.

5. Kwa hiyo, Chama kinazitaka serikali za kaunti zisitoe kibali chochote cha kujenga au kuchimba ndani ya kaya bila ridhaa ya wazee wake. Chama kimeazimia kusimama mahakamani pamoja na kila mzee anayetishwa kwa sababu ya ibada yake, na kudai vigango hadi virudi kwa familia zilizovisimamisha.