Wanafunzi wa sanaa na wodi za Kagera

Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano yakitoka, nyumba nyingi za Bukoba na Muleba hugawanya watoto makundi mawili. Aliyepangiwa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) huitwa daktari kabla hajafungua daftari. Wa tahasusi za sanaa, HGL au HGK (Historia na Jiografia pamoja na Kiingereza au Kiswahili), hupewa pole. Kijana wa shule ya Kahororo anayependa historia na lugha hukua akiamini kwamba hospitali si mahali pake, labda alazwe.

Naona tunawapotosha vijana hawa, na historia ya mkoa wetu inatosha kutusuta.

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Serikali ilianza kutoa dawa za ARV bila malipo mwaka 2004. Kwa miaka yote ya katikati, daktari wa hospitali ya Ndolage au Rubya alitibu magonjwa nyemelezi, lakini virusi vyenyewe hakuwa na cha kuvifanya. Nyumbani wazazi walikufa, wajane walifukuzwa, na bibi wakarudia kulea wakiwa wazee. Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza ulijifunza kumsikiliza yatima kama mtoto mwenye huzuni, zaidi ya kumhesabu kama mdomo wa kulishwa. Tangu mwaka 2003, shirika la Kwa Wazee likawapa bibi hao pensheni ndogo ya kila mwezi. Kazi hiyo iliokoa maisha, na aliyeifanya alihitaji kuelewa familia, umaskini na msiba.

Chukua suala la kibanja, yaani shamba la ukoo. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza ardhi aliyorithi kwa baba yake, na ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akamshtaki wilayani Muleba, kwa kuwa mila ya Kihaya ilimnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba mila hiyo ni ubaguzi unaokiuka Katiba. Mjane anayeacha dawa kwa sababu shemeji zake wamemtoa shambani hatasaidiwa na kuongezewa dozi. Anahitaji mtu wodini anayejua sheria, anayejua ukoo unavyoamua mambo, na anayeweza kukaa na wazee wake akazungumza nao Kihaya.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ugonjwa wa Marburg pia. Mlipuko uliotangazwa Machi 2023 katika wilaya ya Bukoba ulikuwa na wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki. Hakukuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Mafanikio yalitegemea kuwapata waliokutana na wagonjwa na familia kukubali mazishi salama, katika jamii inayozika watu wake kibanjani na kuwalilia kwa kukusanyika. Januari 2025 ugonjwa ulitangazwa tena, safari hii Biharamulo. Anayejua maana ya mazishi kwa Mhaya anaweza kueleza kwa nini yabadilike kwa muda bila kumdharau marehemu.

Kazi hii yote ndiyo ustawi wa jamii hospitalini, nayo ina historia ndefu. Mwaka 1895 Royal Free Hospital ya London ilimwajiri Mary Stewart ili apambanue nani anastahili kutibiwa bure. Swali hilo lilifika kwetu kwa nguvu mwaka 1993, uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za serikali. Leo afisa ustawi wa jamii ndiye anayeamua nani apewe msamaha. Bibi mwenye shamba kubwa anaweza kuonekana ana uwezo, kumbe migomba yake imekufa kwa mnyauko na kahawa yake imeshauzwa. Kulijua hilo kunahitaji jiografia, uchumi wa kaya na sosholojia.

Wanaopinga wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni ajira: wazazi wameuza kahawa wakasomesha, na wahitimu wa sanaa wamejaa nyumbani. Ya pili ni kwamba historia peke yake haimfundishi mtu kukaa na mama anayefiwa na mtoto, wala kulinda siri ya mgonjwa.

Ya pili naikubali yote. Tahasusi ya sanaa ni msingi tu. Juu yake lazima kuwe na mafunzo ya taaluma, kama yanayotolewa na Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoundwa kwa sheria mwaka 1973, pamoja na elimu ya magonjwa na mazoezi ya muda mrefu wodini chini ya mtu mzoefu. Shahada isiyo na mazoezi hayo isimpeleke mtu kwa mgonjwa.

Ya kwanza naigeuza iwe dai kwa serikali. Uchache wa nafasi hauonyeshi kwamba kazi haipo. Kazi ipo, na mara nyingi huangukia kwa muuguzi aliyekwishachoka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka wasio na uwezo watambuliwe na kugharamiwa. Nani atawatambua kwa haki, kama hospitali na vituo vya afya havina maafisa hawa?

Basi walimu wa Kahororo na shule nyingine wawaambie wanafunzi wa sanaa kwamba hospitali inawahitaji, na wawaeleze kwa ukweli urefu wa safari. Vyuo viwalete Bukoba, Rubya na Ndolage kujifunza kwa vitendo. Na serikali, inapopanga ikama ya hospitali, imhesabu afisa ustawi wa jamii miongoni mwa wanaotibu.