Mekapu ya kubadilika rangi: nunua ya macho, wacha ya uso

Wasee wangu, tuongee kuhusu hii mekapu ya kubadilika rangi kabla mtu hajawamalizia doo. Siku hizi ukifungua TikTok huikosi: lipstiki ya kijani inayogeuka waridi, faundesheni nyeupe pepepe inayodaiwa kusoma ngozi yako, na rangi za kope zinazong'aa zambarau ukitazama huku na kijani ukitazama kule. Nimejaribu zote tatu, zile za bei ya chini za Dubois Road na vibanda vya tao. Hakuna iliyofika soo tano. Msimamo wangu ni huu: moja ni mchezo mzuri, moja ni uongo, na moja ni kama ilitengenezewa sisi wenye ngozi nyeusi.

Tuanze na lipstiki. Muuzaji atakuambia kila mtu hupata rangi yake mwenyewe, wengine hata wanasema inajua kama umefurahi ama umenuna. Manze, hapana. Nyingi zina rangi inayoitwa Red 27. Ikiwa ndani ya nta na mafuta haionekani, lakini ikikutana na unyevu na pH ya mdomo inageuka waridi. Ule ukijani wa nje ni pambo tu. Niliipaka kwenye tishu yenye maji ikageuka waridi vilevile, na tishu haina hisia. Tena si kitu kipya. Miaka ya 1930 Wamarekani walikuwa na Tangee, rangi ya chungwa ikiwa haijapakwa, waridi ikifika mdomoni.

Je, ni mbaya? Hapana. Kwangu ilidumu hadi chai na chapati zikapita na bado iko. Kwa midomo yetu yenye weusi inaegemea zambarau kidogo, na inapendeza. Jua tu kwamba unanunua waridi, si uchawi. Na upake kidogo kwanza, kwa sababu kuna watu inawawasha.

Sasa faundesheni nyeupe. Hapa ndipo nakasirika.

Wanasema itabadilika hadi ifanane na wewe. Ukweli ni kwamba ndani kuna krimu nyeupe na vidonge vidogo sana vya rangi. Ukisugua, vidonge vinapasuka na rangi inatoka. Basi. Kiasi cha rangi kiliamuliwa kiwandani kabla hujazaliwa wewe kuwa mteja wake. Haina macho. Niliisugua kwenye sahani ya chai, na sahani ikapata ileile rangi ya biskuti niliyopata shavuni. Kwa mtu mweupe inaweza kukaribia. Kwangu ilikaa kama nimeanguka kwenye unga wa ngano.

Panda matatu yoyote ya kutoka Rongai asubuhi uhesabu rangi za ngozi zilizo ndani. Hakuna chupa moja inayoweza kuzifikia zote. Fenty Beauty ilipoanza mwaka 2017 ilikuja na rangi 40 za faundesheni, na bado watu walikuwa wanatafuta yao. Sasa wewe uniambie chupa ya mia tatu imeweza na rangi moja?

Kinachoniuma si hiyo mia tatu. Ni yule dada mdogo aliyemaliza Form Four juzi, ananunua mekapu yake ya kwanza kabisa. Anaambiwa "hii hukubali kila mtu," anapaka, inamkataa. Atalaumu nini? Hatalaumu chupa, atalaumu uso wake. Na kwenye duka hilohilo, rafu ya pili, krimu za kujichubua zinamngoja. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini marufuku haimsaidii mtu ambaye tayari ameaminishwa kwamba tatizo ni yeye. Kwa hivyo niseme wazi: ikikukataa, shida ni chupa.

Najua kuna mtu atasema, "Sasa wewe, nani ana pesa ya Fenty?" Mimi pia sina. Lakini jibu la kukosa pesa si kununua uongo wa bei rahisi. Kusanya polepole ununue poda moja ya rangi yako kamili. SuzieBeauty ilianzishwa hapa Kenya na Suzie Wokabi kwa kuwafikiria wanawake wa hapa. Duka likiwa na kifaa cha kujaribia, paka kwenye taya, toka nje, jitazame juani, si chini ya taa za duka. Ama uache uso wako ulivyo. Hakuna polisi wa faundesheni.

Halafu hiyo doo iliyobaki, peleka kwa macho. Hapa ndipo tunashinda. Zile rangi za kope zina vipande vidogo vya madini ya maika vilivyofunikwa kwa utando mwembamba sana. Mwanga ukipiga, sehemu inarudi ikiwa na rangi na sehemu inapenya. Ni kama mafuta ya gari juu ya lami iliyolowa pale steji. Kwenye ngozi nyeupe, mwanga uliopenya unarudishwa na kuchafua rangi. Kwenye ngozi nyeusi, unamezwa, na kinachobaki ni rangi safi inayowaka. Ndiyo maana wapambaji hupaka nyeusi kwanza ndipo waweke hizi juu. Wewe ukiwa mweusi tayari una nusu ya kazi hiyo.

Nilinunua ya soo mbili, nikaipaka kwa kidole, bila brashi. Kwenye jua ilikuwa shaba, kivulini ikawa kijani. Mabeshte walidhani ni ya bei mbaya.

Kwa hivyo wikendi ukienda tao na mia tano: macho kwanza, lipstiki ukipenda, faundesheni nyeupe uiache hapo hapo kwenye rafu. Na ukimwona dada mdogo ameishika, mwambie.