Kabureta moja si dawa, ni uvivu

Leo nina hasira, na hasira yenyewe inahusu pikipiki. Asiyependa harufu ya petroli anaweza kuishia hapa, sitamlaumu.

Hapa Ohio, jimbo ambako Gold Wing ziliundwa kwa miaka mingi kuanzia 1980, pale Marysville, ukiwa na Honda Gold Wing ya zamani hupiti kituo cha mafuta bila kupewa ushauri: "Toa hizo kabureta nne, funga moja tu, utastarehe." Wanaisema kama wanahubiri dini. Wengine hufunga Weber ya gari, wengine Solex ya Volkswagen Beetle.

Mimi nasema ni uvivu uliovishwa koti la ufundi. Na nasema hivyo kwa sababu niliununua uvivu huo kwa pesa yangu.

Tuanze na chuma chenyewe. GL1000 iliyotoka mwaka 1975 ina injini ya cc 999, silinda nne zimelala, mbili kila upande, na kabureta nne. Kila silinda ina kabureta yake, na njia ya petroli ni fupi. Ukifunga moja pale juu katikati, mchanganyiko unasafiri kwenye mabomba marefu. Petroli ikigeuka mvuke hupoza bomba, na bomba likipoa, petroli inarudi kuwa matone. Silinda moja inalewa, nyingine ina kiu.

"Mbona Beetle ina silinda nne zilizolala na ilitembea dunia nzima na kabureta moja?" Swali zuri. Jibu: Volkswagen walipitisha kibomba cha moshi wa ekzosi kando ya bomba la kuingizia mchanganyiko ili kulipasha joto. Wewe umeichukua kabureta, joto umeliacha. Umeazima sufuria, ukasahau jiko.

Pikipiki yangu ni ya mwaka 1978. Aliyeniuzia alikuwa ameshaibadilisha, na alijivuna nayo kweli kweli. Julai ilinguruma vizuri, nikaamini. Asubuhi moja ya Oktoba, baridi imeanza kung'ata, nilikuwa naingia barabara kuu. Nikavuta mafuta, injini ikakohoa, ikakata. Nyuma yangu kuna lori. Honi ile bado naisikia. Nilipona kwa sababu dereva alikuwa macho, si kwa sababu ya ubunifu wa mtu yeyote.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Yule bwana alikuwa amenipa kabureta zote nne za awali ndani ya boksi, "skrepa tu hizo." Nikazifungua mezani. Ugonjwa wake? Jeti ndogo za sailensa zimezibwa na petroli iliyokauka, na raba zimekakamaa. Basi! Jumamosi tatu za kusafisha, raba mpya, kisha nikaziweka sawa kwa geji za kupima ombwe. Mpaka leo inawaka hata baridi ikiwepo.

Kwa hiyo mtu alitumia mamia ya dola kukwepa uchafu. Na wakati anafanya hayo, mikanda miwili ya taimingi, ambayo ni ya mpira na huzeeka, hakuigusa. Kwenye injini hii mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na hapo habari ya kabureta imekwisha. Huo ndio ubaya wa njia za mkato: zinakula pesa na muda wa kazi inayookoa injini.

Nitakuwa mwadilifu. Kama kabureta zako zimeliwa na kutu hadi hazishikiki, na nyingine hupati, funga moja, tafuta namna ya kupasha bomba joto, endesha. Pikipiki inayotembea ni bora kuliko iliyolala gereji. Sina ugomvi na mwenye dhiki. Pia nakubali kwamba kuoanisha kabureta nne kunachosha, nimetukana sana katika hizo Jumamosi tatu.

Ugomvi wangu ni na anayemwambia kijana mgeni wa pikipiki kwamba hili ni "boresho". Si boresho. Mwambie ukweli, kisha muuzie.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kabla hujaing'oa kazi ya aliyeunda, angalau isafishe kwanza.

Haya, nimemaliza. Rusheni mawe.