Zima 'shafo', sikiza albamu yote

Tuambiane ukweli, msomaji wangu. Mara ya mwisho kusikiza albamu nzima, kutoka ngoma ya kwanza hadi ya mwisho bila kuruka hata moja, ilikuwa lini?

Mimi pia nilikuwa hivyo. Nikiwa kwenye matatu, foleni ya Thika Road imekwama, kidole changu hakikutulia. Sekunde kumi na tano ngoma haijanibamba? Ijayo. Nilikuwa nafika tao nimegusa nyimbo arobaini na sijasikia hata mmoja.

Kilichonitibu ni albamu ya mwaka 1975: A Night at the Opera, ya kundi la Queen kutoka Uingereza. Pengine wewe unajua Bohemian Rhapsody tu, ule wimbo kila mtu hujitia kuuweza kwenye karaoke. Kama ni huo pekee, umeonja mchuzi lakini sahani hujaiona.

Najua utaniambia roki ni mambo ya wazungu. Ebu subiri. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja, Mji Mkongwe, Septemba 5, 1946. Jina lake la nyumbani lilikuwa Farrokh Bulsara, mtoto wa wazazi Waparsi wenye asili ya India. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar. Sikuambii kuna taarabu humo ndani, haimo. Nakuambia tu kwamba muziki huu hauko mbali nasi kama unavyodhani.

Sasa tuingie jikoni. Hii ni roki ya progresivu, ile inayokataa kufungiwa kwenye umbo moja. Ngoma ni 12, na wanne wote wa kundi walileta tungo zao. Inaanza na hasira tupu. Mara unapata kiwimbo kifupi cha mtindo wa maonyesho ya zamani, ambapo sauti ya Freddie ilipitishwa kwenye hedifoni zilizowekwa ndani ya mkebe wa bati ili isikike kama redio kuukuu. Mpiga ngoma, Roger Taylor, anaimba kuhusu mapenzi ya gari. Mpiga besi, John Deacon, anamwandikia mkewe wimbo mtamu na kuupiga mwenyewe kwa piano ya umeme.

Halafu kuna '39, wake Brian May, mpiga gitaa. Ukiusikia juujuu utadhani ni wimbo wa watu waliokaa kandokando ya moto jioni. Kumbe unasimulia wasafiri wa anga wanaorudi nyumbani wakihisi wamekuwa nje mwaka mmoja tu, ilhali waliowaacha wamezeeka na kufa. Si mzaha: May alisomea fizikia ya nyota na akapata shahada ya uzamivu mwaka 2007. Na kwenye Good Company, zile tarumbeta unazozisikia hazipo. Ni gitaa lake.

Kuna wanaosema albamu kama hii haina mwelekeo. Siwakubali, ingawa nakiri Sweet Lady haijawahi kunibamba. Mwelekeo uko kwenye mpangilio. The Prophet's Song ni dhoruba ya zaidi ya dakika nane, sauti zikikimbizana hadi kichwa kinazunguka. Inapotulia tu, inakupokeza moja kwa moja kwa Love of My Life: piano, kinubi na moyo uliovunjika. Wimbo huo ni mzuri hata ukiwa peke yake, lakini baada ya dhoruba hiyo, unakumaliza. Ukiwasha 'shafo', umeutupa utamu huo mwenyewe.

Kwa nini nakusumbua na mambo ya miaka hamsini iliyopita? Kwa sababu ya wasanii wetu. Bohemian Rhapsody ina karibu dakika sita, na kulikuwa na wakubwa wa muziki waliosema redio hazitaicheza kwa urefu huo. Ilikaa nambari moja Uingereza wiki tisa. Ilifika huko kwa sababu kulikuwa na wasikilizaji walioipa muda.

Sisi je? Msanii hutengeneza kile tunachokivumilia. Tukiruka kila ngoma baada ya sekunde kumi na tano, prodyuza ataweka kiitikio sekunde ya tano, na kijana wa Kayole au Likoni mwenye wazo linalohitaji subira ataambiwa alikate au aende nalo nyumbani. Kisha sisi hao hao tunalalamika mtandaoni eti ngoma za siku hizi zote zinafanana. Si tumezichagua?

Basi nakupa kazi ndogo Jumapili hii. Albamu nzima ni dakika 43 hivi, haifiki hata kipindi cha kwanza cha mechi. Zima 'shafo', weka simu mbali, lala chali usikize. Isipokubamba, sawa, angalau utakuwa umeikataa ukiwa umeisikia.

Jumapili ijayo, tafuta albamu ya msanii wa hapa nyumbani unayemjua kwa wimbo mmoja tu, umfanyie hivyo hivyo. Huenda kile unacholilia kila siku kimelala kwenye wimbo wake wa tisa, na hakuna aliyewahi kufika huko.